Mwoka Mikate Likizoni

"Hizi nyama za kusaga za mviringo, zina mkate ndani?" Vaia aliuliza.

Stergios, mwenye mgahawa, alikuwa akibana karatasi ya meza kwa vibanio ili upepo wa baharini usiipeperushe. Hakuinua kichwa. "Mama yangu, zisipotiwa mkate zinakuwa mawe."

"Na samaki mnawachovya kwenye unga?"

"Tunawachovya. Vinginevyo wanagandia kikaangoni."

"Basi nichomee wawili juu ya makaa, bila unga. Wavu uusugue kwanza. Na saladi usiiwekee jibini."

"Nitaitoa juu."

"Usiitoe. Usiiweke kabisa."

Stergios alinyooka akashika kiuno. Agosti ilikuwa inaishia, miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya kandambili, na wageni walikuwa wameshammaliza kwa maswali. "Ugonjwa huu ni wako, mama?"

Lazaros, mume wa Vaia, aligeuza uso akatazama bahari. Aliitazama kwa makini, kana kwamba kuna mtu aliyemwita kutoka huko.

"Wangu," Vaia alisema. "Tumbo langu halitaki ngano wala maziwa. Huyu mzee mletee hizo nyama, na mkate."

Stergios akaingia jikoni. Mambo yalikuwa yameshapangwa. Sahani zingekuja, ya Vaia ingewekwa mbele ya Vaia na ya Lazaros mbele ya Lazaros. Wangengoja Stergios ageuze kisogo, kisha wangebadilishana upesi, kama wanafunzi wanaoonyeshana majibu ya mtihani. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakila tangu wafike Agiokambos, kijiji hiki cha pwani. Hata kwa Asimina, mjane aliyewapangisha chumba, ilikuwa hivyohivyo: kila asubuhi aliwaletea tikitimaji na jibini, na kila asubuhi alimwonea Vaia huruma.

Lazaros alikuwa mwoka mikate. Katika mji wao, huko bara kwenye mashamba ya pamba, watu hawakusema wanakwenda kununua mkate. Walisema wanakwenda kwa Lazaros. Alianza kukanda kabla hajaoa. Mabega yake yalikuwa mapana kuliko milango ya nyumba za zamani, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga miaka mingi kabla hazijawa nyeupe kwa uzee. Halafu, majira ya baridi yaliyopita, alianza kukonda. Alikula, akaharisha, akakonda. Suruali ikawa ya kufungwa kwa kamba. Hospitalini, katika mji wa Larisa, daktari mmoja mwanamke, wa umri wa kuwa binti yake, alimweleza taratibu kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikimchubua matumbo. Asiile tena maisha yake yote. Maziwa nayo ayaache mpaka apone.

Lazaros alicheka. Daktari hakucheka.

Walipotoka chumbani kwa daktari alimshika Vaia mkono. "Watu wasijue," alisema. "Nani atanunua mkate kwa mtu anayeuogopa?" Vaia akakubali palepale. Hakufikiria kukubali huko kungemfikisha wapi.

Sasa walikuwa wamefunga duka, wamekuja baharini ili mwili wake upumzike, na mwili haukuwa unapumzika. Kila mlo ulikuwa mchezo wa kuigiza, na waigizaji wenyewe walishachoka.

Sahani zilikuja. Samaki wawili wa makaa, viazi vya kuchemsha, nyanya na matango mbele ya Vaia. Nyama za mviringo na kikapu cha mkate mbele ya Lazaros. Stergios aligeuka. Vaia alikuwa ameshashika ukingo wa sahani yake aliposikia sauti nyuma.

"Fundi Lazaros. Kumbe na nyinyi mko huku."

Alikuwa Zisis, muuza vipuri vya matrekta, jirani wa duka lao kule nyumbani na mteja wake wa kwanza kila kulipopambazuka. Alikuwa amevaa kaptula iliyolowa na kofia ya majani. Hakungoja kukaribishwa, alivuta kiti, akaketi, akaagiza kinywaji. Vaia akaiachia sahani.

Wakazungumza habari za joto, za pamba, za binti wa Zisis aliyejifungua. Nyama zilianza kupoa. Lazaros alizisukumasukuma kwa uma, akakata kipande, akakirudisha. Vaia alichambua samaki wake mwiba mmojammoja, polepole iwezekanavyo, akiomba kimoyomoyo Zisis apate haja ya kwenda msalani.

Zisis hakwenda popote. Alinyoosha mkono kwenye kikapu, akamega mkate, akatafuna, akakunja uso.

"Huu nao ni mkate? Fundi, hebu onja, utoe hukumu."

Lazaros alipokea kipande. Vidole vyake vilijua kabla ya ulimi: hamira nyingi, haraka nyingi, ganda laini kama ngozi ya mtu aliyelala majini. Angeweza kuyasema hayo na kukiweka chini.

"Mwache," Vaia alisema. "Tumbo lake leo si zuri."

"Ah, shemeji. Tumbo la mwoka mikate likikataa mkate, sisi wengine tutakula nini?" Zisis akacheka, akampiga rafiki yake begani. Hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Lazaros akala.

Kipande cha kwanza alikila kwa ajili ya Zisis. Cha pili hakikuwa cha Zisis tena. Alikichovya kwenye mafuta na maji ya nyanya yaliyobaki ndani ya bakuli la saladi, akafumba macho kidogo. Mkate ulikuwa mbaya, na alikuwa ameukumbuka mno. Akala nyama, akafuta sahani kwa ganda la mwisho. Vaia hakumtazama. Aliendelea kuchambua mgongo wa samaki ambao haukuwa na kitu tena.

Jua lilikuwa bado juu maumivu yalipoanza. Chumbani kwa Asimina madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia joto, na mwanga uliingia kwa mistari myembamba juu ya shuka. Lazaros alitoka chooni, akarudi chooni, akatoka tena akishika ukuta. Mwishowe akajikunja kwa ubavu juu ya kitanda, magoti kifuani, jasho likimtiririka. Vaia aliketi kando na taulo lililoloweshwa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Aliniuliza mbele ya watu."

"Watu gani? Alikuwa Zisis."

Lazaros akageukia ukuta.

"Ungenikonyeza tu," Vaia alisema. "Ningemwaga mtungi wa maji mezani. Ningezimia. Siku hizi mimi ni mgonjwa, nina ruhusa ya kuzimia."

"Umechoka."

"Nimechoka. Nimekula mikate ya watu wawili, Lazaros. Magauni yananibana. Asimina ananiwashia mishumaa kanisani kwa ugonjwa nisio nao. Nikipita, wanawake wananishika shavu." Akamfuta shingo. "Na wewe unalala hapa kama kitambaa kilichokamuliwa. Basi huu uongo unamfaa nani?"

Lazaros alitaka kucheka kwa ile habari ya mishumaa, lakini tumbo likamkaba. Alifumba macho. Kulikuwa na jambo jingine, na hilo Vaia hakulijua. Siku ile hospitalini, Vaia alipotangulia kwenda kuwasha gari, daktari alimwita tena mlangoni. Si kula tu, alimwambia. Unga unaoelea hewani huko dukani unauvuta, unaumeza. Mtafute mtu wa kushika kazi. Lazaros aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa kesho kutakuwa na mvua, akaenda zake garini, na usiku uleule akakanda kama kawaida. Jambo hilo alikuwa amelibeba tangu wakati huo. Hata hapa, kitandani, alilihisi chini ya maumivu, gumu kama kokoto.

"Unanisikia?" Vaia aliuliza.

"Nakusikia."

"Nikienda tena kwenye meza ya watu, nitasema kweli. Au sitakwenda."

Kesho yake alishinda amelala, akinywa uji wa mchele alioupika Vaia kwenye jiko dogo la ua. Siku iliyofuata aliweza kusimama. Asubuhi walishuka pwani, Vaia akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, miguu mchangani, na Lazaros akaingia majini.

Wazee walikuwa tayari wako humo, kama kila asubuhi. Hawakuogelea. Walisimama duara maji yakiwafika kifuani, wamevaa kofia na miwani, wakizungumza mambo ya kula. Alikuwapo Asimina, alikuwapo Zisis, na wanawake wawili ndugu kutoka mji wa Trikala, wote wanene, wote wenye sauti kubwa. Walimpisha Lazaros akaingia kwenye duara.

"Mkeo anaendeleaje?" Asimina aliuliza. "Naona amenawiri, kwa mtu asiyekula kitu."

"Juzi nilikula naye," Zisis alisema. "Samaki mtupu. Hata unga hamna. Nilimhurumia."

"Mimi ningekufa," alisema mmoja wa wale wa Trikala. "Bila jibini? Ningekufa siku ya kwanza."

"Kesho namwambia padri amtaje kwenye sala," Asimina alisema. "Vaia, mke wa Lazaros. Si ndiyo?"

Maji yaliwainua kidogo wote pamoja, kisha yakawashusha.

"Si yeye," Lazaros alisema.

"Si yeye nani?"

"Mgonjwa si Vaia. Ni mimi. Amekuwa akinifichia."

Kofia zote zikamgeukia. Alingoja. Kwa miezi alikuwa ameiogopa saa hii. Alikuwa ameiona akiwa amesimama dukani, watu wakitoka mmojammoja bila kununua.

"Mke wa kaka yetu anao ugonjwa huo," alisema yule wa Trikala. "Anakula wali."

"Na mahindi," dadake akaongeza. "Mahindi anakula. Ananishinda hata mimi kwa unene."

Wakaanza kubishana kama mkate wa mahindi unashikana bila ngano. Ndivyo ilivyopita. Lazaros alibaki amesimama, mikono ikielea, hajui aiweke wapi.

Zisis peke yake hakuwa anabishana. Alikuwa amevua kofia. "Lakini juzi nilikupa mkate."

"Ulinipa."

"Na ukala."

"Nikala."

"Jamani, fundi. Si ungenizaba kofi?"

"Haukuwa mkate mzuri," Lazaros alisema. "Uliumuka kwa haraka."

Zisis akacheka kwa aibu, akajipaka maji usoni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika, "Ila kuoka unaoka, si ndiyo? Wewe usile, sisi tutakula."

Lazaros alitazama ufuoni. Vaia alikuwa ameinua uso kutoka chini ya mwavuli.

"Hapana," alisema. "Daktari amesema hata vumbi la unga nalimeza. Nisiukande tena." Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa watu waliokuwa karibu naye, na upepo ulikuwa ukielekea nchi kavu.

Sasa wale ndugu wa Trikala wakaacha mabishano yao ya mahindi.

"Basi nani atatuokea?" Zisis aliuliza. Aliuliza taratibu, kama anavyouliza mtu aliyefiwa.

"Sijui, Zisis."

Kule ufuoni Vaia alikuwa amesimama. Alikaa hivyo kidogo, mkono juu ya macho. Halafu akaanza kuja, na gauni lake mwilini. Maji yalimfika magotini, yakamfika mapajani, gauni likajaa likaumuka pande zote, naye akalibonyeza kwa viganja na kuendelea. Alikuwa akitafuta mawe kwa nyayo kabla ya kila hatua. Asimina akasogea kumpisha. Lazaros alinyoosha mikono yote miwili juu ya maji, akabaki ameinyoosha hivyo, akimngoja afike.