Kioo Kilichovikwa Shuka

Niliposikia kwamba mjukuu wangu kinyozi amefunika kioo cha saluni yake, nilivaa viatu nikaenda.

Nilikuta kweli. Kioo kile anachokipangusa kila asubuhi kabla hata ya chai kilikuwa kimevikwa shuka. Yeye alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Mume wangu," nilimwita kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "nani amekufa humu?"

"Hajafa mtu, bibi. Bado."



Mjukuu huyu aliugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, baada ya mama yake, binti yangu, kufariki. Alimeza vidonge kwa miaka, vikamsaidia sana. Alipojiona amepona akaviacha ghafla, bila kumwambia daktari. Mwanzoni alikuwa kama mtu mwenye homa, tukadhani yatapita. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena, na bado, kila akigeuza macho upesi, anapigwa shoti kichwani. Dunia inakatika, halafu inarudi.

Na kinyozi kazi yake ni kugeuza macho: kichwani, kiooni, kichwani, kiooni.

"Jana nimemkata fundi bomba," alisema. "Hapa chini ya sikio. Alicheka tu, akajifuta kwa leso yake ili taulo langu lisichafuke. Lakini bibi, wembe ulikuwa unaelekea kooni."

"Daktari anasemaje?"

"Alinisikiliza mpaka mwisho. Anasema wapo wanaopatwa na hivi, na wengi hupata nafuu. Mimi lini, hajui. Na nisirudie vidonge kwa kichwa changu." Alitazama shuka. "Na isipoisha? Na kama ni ule ugonjwa wenyewe unarudi kwa mlango wa nyuma? Sijui kazi nyingine mimi."

Nilimwinua, nikakaa mimi kwenye kile kiti, nikavua kilemba.

"Ninyoe."

"Bibi, toka hapo."

"Ukinichubua hasara iko wapi? Nani ataniposa sasa hivi?"

"Si nimeshakuposa mimi," alisema, akakaribia kucheka.

Wembe ulipoanza kukwangua shingoni niliogopa, sitasema uongo. Mara nikasikia pumzi yake ikikatika.

"Imekuja?"

"Imekuja."

"Mkono uko wapi?"

"Juu. Niliutoa nilipotaka kutazama pembeni."

"Basi ndiyo hivyo. Mkono utoke kwanza, ndipo macho yaende. Kioo nitakuwa mimi." Nikapapasa kichwa kwa vidole. "Kulia bado kuna kichaka."

Tulikuwa tunamalizia kunyoa, fundi bomba akaingia, plasta chini ya sikio.

"Jamani, mbona kioo kimevaa nguo?"

"Kinazionea haya ndevu zako," nilimjibu.

Mjukuu wangu hakucheka. Alimweleza yote, vidonge na shoti, kisha akamwambia, "Nenda kwa mwingine, kaka."

Fundi aligusa plasta yake. Nilimwona akitazama mlango, na nisingemlaumu.

"Yule mwingine ananinyoa huku anabishana mpira," alisema hatimaye. Akakaa, akalaza kichwa nyuma, koo lote nje.

Nilisimama kando yao. "Kushoto, karibu na kidevu," nilisema. Mkono ulitoka, kisha mjukuu wangu akageuza shingo nzima polepole kama bundi. Mashavu yakaisha salama. Ikabaki zamu ya koo.

Wembe ulipogusa, fundi alimeza mate, nikaona kile kifundo cha koo kikipanda na kushuka chini ya makali. Nje mtu akapiga honi. Macho ya mjukuu wangu yakaruka kuelekea mlangoni, kisha yakaganda.

"Mkono!" nilisema.

Ulikuwa umeshatoka. Ulining'inia hewani, povu likidondoka sakafuni. Tulisubiri sote watatu.

"Imepita?" fundi aliuliza, macho yamefumbwa.

"Imepita."

"Haya, taratibu. Mimi sina haraka."

Wembe ukarudi kooni. Nilikwenda nikafunga mlango, kisha nikaushika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, maana bado palikuwa na safari mpaka kidevuni.