Klachi, Breki, Mafuta
Mama Mapazia alikata shauri mezani, wakati mtoto wake wa kwanza akieleza jinsi pikapu ya nyumbani itakavyouzwa. Alimwacha amalize maneno yake yote. Kisha akafuta mdomo, akasema pikapu haiuzwi, yeye mwenyewe atajifunza kuiendesha.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Kwa miaka ishirini alikuwa akishona mapazia ya nyumba za watu na ya ofisi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, ndiye aliyeyapeleka kwa wateja na kuyatundika. Halafu presha ya macho ikamwingilia. Ilianza kumla pembeni, ikasogea katikati, hadi akabaki anaona mwanga wa dirisha tu na kivuli cha mtu akipita. Pikapu ilikuwa haijatoka uani kwa miezi minne. Mapazia yalipelekwa kwa gari la kukodi, na mara mbili yalifika yamekunjamana, ikabidi mwenyewe apande ngazi na pasi mkononi, ayanyooshe yakiwa yananing'inia.

Mtoto alimwambia mama yake kwa adabu kwamba kabla ya kuruhusiwa hata kugusa usukani barabarani kuna mtihani wa maarifa, na mtihani huo unawaangusha hata waliomaliza shule juzi. Mama alimuuliza amewahesabu wangapi. Mtoto akaangalia sahani yake. Dereva alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha siku zote.

Kesho yake Mama Mapazia alikwenda kujiandikisha, akapewa tarehe, wiki tatu mbele, na kijitabu. Alama za barabarani hazikumsumbua. Maumbo na rangi ndiyo kazi yake, na kwa siku mbili alikuwa amezimeza zote. Kilichomtoa jasho ni ukurasa wa vifaa vya gari. Kijitabu kilikuwa nakala ya nakala, na picha ya dashibodi ilikuwa nyeusi kama iliyopigwa ndani ya gunia, yenye namba ishirini na mbili zilizoelekeza kusikojulikana.

Alimwomba mumewe amfundishe. Dereva akajibu kwa mkato kwamba mtu asiyeona hafundishi gari. Mkewe hakumbembeleza. Alichukua funguo msumarini, akatoka uani, akafungua pikapu na kuingia upande wa abiria, mahali alipozoea kukaa, na kuanza kulinganisha picha na vitu vilivyokuwa mbele yake.

Haikupita robo saa mlango wa pili ukafunguliwa. Dereva akaingia, akakaa nyuma ya usukani. Kisha mikono yake ikaanza kutembea. Haikupapasa. Ilikwenda moja kwa moja kwenye swichi, kwenye honi, kwenye gia, kwenye hendibreki, kama mtu anayeingia chumbani kwake na kuketi kitandani.

"Umeshika ukurasa gani?" aliuliza.

Kwa siku tatu walikaa hivyo kila jioni baada ya kazi. Dereva hakupenda majina. Mkewe alipotaja kwamba hii ni swichi ya taa za hatari, alimwambia jina hata kasuku anaweza kulijua. Alitaka kujua ukiibonyeza watu walio nje wanaona nini, na kwa nini uwaonyeshe. Mkewe alianza kufikiri upya. Taa za juu zinampofusha anayekuja. Taa za breki zinamwonya aliye nyuma. Kioo cha pembeni hakioni kila kitu, kwa hiyo shingo lazima igeuke.

Siku ya nne Mama Mapazia alifunga kijitabu.

"Baba watoto," alisema, "miguu yangu haifiki kwenye pedali."

Dereva alielewa. Kidole gumba chake kilisugua ngozi ya usukani pale palipolika na kuwa laini. Mkewe alisikia watoto wa jirani wakicheza mpira nyuma ya ukuta.

"Basi nishuke," alisema Dereva mwishowe.

Alishuka. Aliizunguka pikapu polepole huku kiganja kikiteleza juu ya boneti, akaufikia mlango wa upande wa pili ambao mkewe alikuwa ameuacha wazi. Alipoingia alitafuta mpini wa kuufungia na hakuupata mara moja. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa upande huo. Mkewe, ambaye sasa alikuwa nyuma ya usukani, hakunyoosha mkono kumsaidia. Alijishughulisha na kiti, akakivuta mbele, hadi akasikia mlango umefungwa.

"Sasa," alisema Dereva, na sauti yake ilikuwa ya kazi, "mguu wa kushoto una kazi moja tu. Wa kulia una mbili, na hauzifanyi kwa pamoja. Niambie."

"Klachi, breki, mafuta."

"Tena, bila kuangalia chini."

Alirudia mpaka miguu ikaacha kumuuliza. Dereva alisikiliza pedali zinavyoshuka, na kwa sauti tu alijua kama amekanyaga kwa kisigino au kwa unyayo. Wiki ya tatu ilipoanza, Mama Mapazia aliweza kugusa kila kitu ndani ya gari lile akiwa amefumba macho, akieleza kazi yake huku akila kashata.

Siku ya mtihani alivaa gauni lake la bluu na viatu vya soli nyembamba, akawahi. Ukumbi ulijaa watu thelathini hivi. Kinyozi mmoja aliyekaa mbele yake aliwaeleza majirani zake kwamba yeye anaendesha tangu zamani, amekuja kufuata karatasi tu. Maswali ya kuandika yalikwisha salama. Mama Mapazia alipata ishirini na nane kati ya thelathini, akaambiwa asubiri sehemu ya pili nje, ambako kila mtahiniwa aliingia katika gari lililosimama na kuonyesha vifaa vyake. Kinyozi aliingia akipiga mluzi. Alitoka kimya, akapita katikati ya watu bila kumwangalia yeyote.

Ilipofika zamu yake, Mama Mapazia aliketi, akamsalimia mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni. Mkaguzi alimtaka aonyeshe atakavyowajulisha walio nyuma kwamba anakata kona kushoto. Alijua. Aliinua kijiti cha kulia, kando ya usukani, kwa kidole kimoja, kama alivyofanya mara mia uani.

Waipa zikaruka juu ya kioo kikavu, zikakwaruza kwenda na kurudi.

Mkaguzi aliandika kitu. Mama Mapazia alizima waipa. Akaangalia vijiti vyote viwili na kuona kwamba katika gari hili vimebadilishana upande. Indiketa ilikuwa kushoto.

"Hilo ni kosa langu," alisema. "Nimeshika kwa mazoea ya gari la nyumbani. Naomba nilijue gari hili kwanza, kisha uniulize unachotaka."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani. "Utalijuaje?"

"Kwa mkono."

Hakukatazwa, basi akaanza. Alivuta kiti, akarekebisha vioo vitatu, akakanyaga pedali moja moja. Alipitia kila kijiti na kila swichi, akieleza inafanya nini na nani nje ataiona. Hakuwa na papara. Alipomaliza aliwasha indiketa ya kushoto bila kuombwa, ikalia tiki tiki, na mkaguzi akageuza karatasi.

Aliulizwa atafanya nini taa nyekundu yenye picha ya birika la oili ikiwaka akiwa njiani. Alijibu kwamba atasimama pembeni na kuzima injini, wala hatasogea hata kama paa la nyumba yake analiona, kwa sababu injini bila oili inajitafuna yenyewe. Mkaguzi aliuliza maswali mengine sita. Hakukosa hata moja.

"Nani kakufundisha?"

"Mume wangu."

"Ni mwalimu wa udereva?"

"Ni dereva. Haoni."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. Kisha akakata alama moja kwa ajili ya waipa, akajumlisha, akasaini chini na kumpa karatasi. Alimwambia amefaulu, na kwamba gari lolote asilolijua alianze hivyo hivyo, hata akiwa na haraka.

Dereva alikuwa chumba cha mbele, akipanga kulabu za mapazia ndani ya kopo, alipowekewa karatasi mkononi. Aliupapasa muhuri. Kabla ya pongezi alitaka asimuliwe swali kwa swali, na hadithi ilipofika kwenye waipa alianza kucheka, cheko la tumboni ambalo mkewe hakuwa amelisikia tangu macho yalipoanza kumsumbua. Alikiri kosa ni lake. Ameendesha magari ya kila aina, na hakukumbuka hata siku moja kumwambia kwamba vijiti huhama.

Halafu akaomba simu, akampigia mtoto wao. Alimweleza kwamba mama yake amefaulu, na kwamba sheria inataka mwanafunzi akae na mtu mwenye leseni, na yeye mtoto anayo.

"Uje Jumamosi saa mbili," alisema. "Usichelewe, mama yako ana mapazia ya kupeleka."

Mtoto alikuja saa mbili kasoro. Pikapu ilipotoka getini, ikazima mara moja, ikawaka tena na kushika barabara, alikuwa ameng'ang'ania mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Mama yake hakumwona. Alikuwa anaangalia kioo.