Mgomba Katika Mtaa Ulioungua

“Evelyn, huu mgomba umetoka wapi?”

Mwalimu Leonce alikuwa ameweka kidole juu ya daftari langu, na kidole hakikuondoka. Wenzangu walishakwenda nyumbani. Nyuma yake, juu ya ubao, ilining'inia ile picha: mchoro wa kale uliochapwa kwa bamba la shaba, alioukuta kwenye stoo ya misheni, karatasi yake imekuwa rangi ya chai. Ulionyesha mtaa wa mji fulani wa Ulaya baada ya moto. Kuta zilisimama bila mapaa, mbingu ikionekana kupitia madirisha, na kati ya vifusi walitembea watu wadogo kama sisimizi, mmoja amebeba kiti kichwani. Mwalimu alitwambia darasa zima la saba: “Andikeni moto huu ulianzaje.”

Wengine waliandika radi, wengine vita. Mimi niliandika kwamba mwanamume mmoja alipita kati ya migomba siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, ameshika chupa ya mafuta ya taa. Kwamba alipotoka alinawa mikono kwenye mfereji, taratibu, hadi viwikoni.

“Sijui, Mwalimu,” nilijibu.

Alilifunga daftari akanirudishia. “Sijaweka alama. Sitalisema hili popote, maana si mimi niliyeona.” Akachukua chaki zake akatoka.

Ilikuwa mwaka 1996, kule Uru, mlimani juu ya mji wa Moshi, watu wakikata mibuni ya kahawa. Bei ilikuwa imeanguka, na miti iliyopandwa na mababu ikageuka kuni. Mama mkubwa Bernadetha, mjane wa kaka wa marehemu baba yangu, naye akaamua kung'oa yake apande nyanya. Hakuwa na mtoto wa kiume. Baba mdogo Gidioni, aliyeishi nasi tangu baba afariki, alisema kihamba, shamba la urithi la baba yao, hakitageuzwa bustani na mwanamke. Mama mkubwa hakubishana naye. Alimwita Jacob, kibarua aliyepanda mlima kutoka mashamba ya miwa kule chini, wakaanza kung'oa.

Wiki mbili baadaye nyumba yake ya mbao iliteketea.

Sikwenda misa siku hiyo. Nilikuwa na malaria, nimejikunyata mlangoni kwetu ndani ya blanketi. Baba mdogo alipotoka mferejini aliniona, akasimama. Maji yalikuwa yakimdondoka vidoleni.

“Umepata nafuu?”

“Ndiyo, baba.”

“Ingia ndani. Jua litakuumiza kichwa.”

Niliingia. Moshi ulipopanda juu ya migomba, nilikuwa nimejifunika gubigubi.

Waliotoka misa walimkuta Jacob peke yake pale, anarusha maji kwa ndoo. Alikuwa mtu wa kuja, na alikuwa mvutaji wa sigara. Hayo yalitosha. Walimpiga, kisha wakampeleka polisi mjini Moshi.

Mama mkubwa akahamia kwetu. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani, mimi upande wa nje. Mezani alimpakulia baba mdogo mtori wa ndizi, naye akamshukuru. Mimi sikuweza kumeza. Na baba mdogo alianza kunipenda kuliko zamani: aliniletea miwa, akaniita binti yangu, akawa ananisindikiza hadi geti la shule. Njia nzima alitembea hatua moja nyuma yangu.

Siku niliyorudi na daftari lile, nililisukuma chini ya godoro. Tulipokuwa tunakula, aliniuliza, “Siku hizi Mwalimu Leonce anawafundisha nini?”

“Insha.”

“Lete nisome.”

Mama aliinua macho, akayashusha upesi.

“Mwalimu amebaki na daftari,” nilisema. Baba mdogo alinitazama mpaka mtori wake ukapoa.

Jumamosi mama mkubwa alifunga ndizi na maharage kwenye kikapu, akaniambia nimsindikize mjini. Njiani nilimuuliza chakula ni cha nani.

“Cha Jacob. Ameunguza mikono akizima moto wangu, nani atamlisha?”

Kituoni walimtoa Jacob kwa muda mfupi. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa vilivyolowa usaha. Alijaribu kushika kijiko, kikaanguka. Akajaribu tena, kikaanguka. Mama mkubwa akaanza kumlisha kama mtoto mdogo, naye akatafuna huku ameangalia ukuta.

Nilitembea hadi kwenye kaunta.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Unasemaje?”

Nikasema. Nilisema yote, na jina. Nyuma yangu niliacha kusikia mama mkubwa akimbembeleza Jacob ale.

Polisi walipofika Uru Jumatatu, baba mdogo alikuwa ameshaondoka. Wengine walisema yuko Mererani machimboni. Hatukumwona tena. Jacob aliachiwa baada ya juma moja, akashuka moja kwa moja kwenye miwa. Hata panga lake hakulifuata. Mama mkubwa alijenga upya, akapanda nyanya zake. Baadhi ya ndugu hawakutusalimia kanisani hadi nilipomaliza sekondari.

Lakini jioni ile ya Jumamosi, tuliporudi, mama alikuwa amesimama njiani chini ya nyumba, ananingoja. Mama mkubwa alimpita. Mama alingoja hadi alipotoweka kwenye migomba.

“Umesema?”

“Nimesema, mama.”

Nilijiandaa kupigwa. Alinyoosha mkono, akachukua kikapu kitupu kutoka kwangu, akakikumbatia.

“Shati lake lilinuka mafuta ya taa,” alisema. “Nililifua siku ileile.”