Kapu Chini ya Cherehani

Mtoto alikuwa na miezi minne, na baba yake alishampachika jina la Mlinzi, maana usiku kucha yuko macho. Analala robo saa, anashtuka, analia. Mama yake, fundi wa nguo, alimwimbia, akampakata, akamtembeza chumba kizima mpaka jogoo wakawika. Wapi!

Lakini kila jioni wifi yake wa chumba cha pili alikuja kumchukua, na baada ya saa moja alimrudisha amelala fofofo. Akishalazwa kwa mama yake tu, robo saa haiishi, yuko macho.

"Unamfanyaje?" fundi aliuliza.

"Mikono tu, wifi yangu," alijibu, na kutabasamu.

Tabasamu hilo! Fundi aliona wivu, tena wivu wa kumkosesha hamu ya kula. Mtu hajawahi kulea hata kifaranga, leo ndiye mwenye mikono? Tangu ajifungue, fundi alikuwa amemwazimisha wifi huyo cherehani yake ya miguu. Sasa na mtoto naye anaelekea huko huko. Aliogopa siku Mlinzi atakapojua kusema "mama", atamwita nani.

Jioni moja akasikia Mlinzi analia huko chumba cha pili, analia hasa. Ni aibu kusema, lakini alifurahi. Alimkuta wifi anamrusharusha begani, jasho linamtiririka.

"Vipi, mikono imechoka leo?"

"Mkanda wa cherehani umekatika," wifi alijibu, kisha akauma mdomo.

Fundi akainama. Chini ya meza ya cherehani palikuwa na kapu la mabaki ya vitambaa, limebonyea katikati kiasi cha mtoto. Aliketi, akaunga mkanda kwa kipande cha waya, akakanyaga. Mlinzi akanyamaza katikati ya kilio. Mlio huo aliuzoea tangu tumboni. Mama yake alishona mpaka asubuhi ya uchungu wa kuzaa.

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza." Wifi hakuinua uso. "Ningekwambia, ungeichukua. Na mtoto pia. Mimi ningebaki na nani?"

Fundi aliendelea kukanyaga, sindano haina hata uzi. Maneno makali yalimjaa mdomoni; akayameza, si yote.

"Kesho inahamia kwangu," alisema. "Na wewe uwe unakuja jioni. Ila kumbeba, mimi kwanza."