Mpiga Teke wa Wahunzi

Katika mipira kumi, Juvénal alipitisha tisa katikati ya milingoti. Mmarekani aliyekuja kumjaribu kwenye uwanja wa raga aliandika neno moja katika daftari lake, akalifunga, akampa mkono. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyebeba maji.

Mmarekani huyo alikuwa wakala wa ligi ndogo ya futiboli ya kwao, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Timu zilikuwa sita, za miji ambayo ramani ya shule haikuitaja, na wachezaji walilipwa, ingawa wengi mchana walifanya kazi viwandani. Timu iliyomtaka Juvénal iliitwa Wahunzi. Walihitaji mtu wa kupiga teke tu. Mwita, kinyozi wetu wa mtaa wa Overport, hapa Durban, alipoelezwa kazi hiyo alisimamisha mashine kichwani mwa mteja.

"Yaani unaingia, unapiga mara moja, unarudi kukaa? Hiyo siyo kazi, kaka. Huo ni uwaziri."

Sharti lilikuwa moja. Ligi ile iliishi kwa kuuza vijana kwa ligi kubwa, kwa hiyo mgeni aliyepita miaka ishirini na tano hawakumchukua. Juvénal aliwaambia ana ishirini na minne. Alikuwa ametimiza thelathini mwezi Machi. Nilijua, kwa sababu mimi nilipanga chumba cha nyuma kwake, Sydenham, na siku hiyo tulikula wali pamoja, yeye na mkewe Gloriose na mimi. Miaka mitano alikuwa akipakia malori Clairwood, na mgongo ulikwisha kuanza kumsumbua. Mguu bado.

Jumapili Gloriose alipika ndizi na maharage, akamwalika wakala. Mkataba ungetiwa saini baada ya chakula. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu yule aliwahi kufundisha Bukoba miaka miwili, na Kiswahili anakijua barabara.

Bukoba ni kwetu. Na ushairi nimejifundisha mwenyewe, bila mwalimu, nikihesabu mizani kwa vidole nikiwa juu ya mifuko ya saruji. Durban nilikuwa nawasomea watu wanaoniomba chumvi katikati ya ubeti. Sasa alikuwepo mtu wa kusikiliza. Nikasimama, nikaghani shairi la kumsifu rafiki yangu, beti saba nilizotunga usiku wa kuamkia siku ile. Katika ubeti wa tano kulikuwa na haya:

Huupiga kwa kituo, upite milingotini,
Mguu wa chuma huo, mwenyewe ni thelathini.

Walipiga makofi. Wakala naye alipiga, akitabasamu, akasema siku nyingi hajasikia vina safi namna ile. Moyo wangu ulijaa. Kisha akamgeukia Juvénal na kumuuliza, polepole, kwa Kiswahili, alizaliwa mwaka gani.

Juvénal hakuweza kumdanganya mara ya pili, mbele ya sahani ya mkewe. Akautaja. Wakala aliukunja mkataba, akamshukuru Gloriose kwa chakula, akaondoka.

Kwa majuma mawili niliwaambia watu wote kwamba vina ndivyo vilivyonibana. Nilisema mshairi hana hiari, kina kikidai *ni* ni lazima akipe *ni*. Mwita alicheka kwa uchungu, akasema basi siku nyingine nitunge kuhusu mbuzi. Gloriose aliacha kunijibu salamu. Juvénal ndiye aliyenitetea. Kila jioni akirudi Clairwood akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, alimwambia mkewe aniache.

"Mashairi iko na sheria yake, Gloriose. Gosbert hakufanya kusudi."

Jioni moja nilimfuata uani alipokuwa akinawa miguu, nikamwambia kwamba *ishirini* lingekaa. Mizani ni ile ile, kina ni kile kile. Nililiandika kwanza, nikalifuta.

Maji yalimwisha mkononi.

"Sababu gani, mon frère?"

Nilijaribu kusema kwamba shairi halipaswi kudanganya. Halikutoka. Nikasema lililokuwa chini yake: kwamba siku ile nzima watu walikuwa wakimtazama yeye, na nilitaka mtu mmoja, anayejua Kiswahili, ajue kwamba mimi ndiye ninayemjua kweli, na kwamba nasema kweli.

Akaniambia niusome ubeti kama ulivyokuwa kwanza. Nikausoma. *Mguu wa chuma huo, mwenyewe ni ishirini.* Aliusikiliza akiwa ameinama.

"Iko muzuri," akasema. "Iko muzuri kupita ile ingine."

Akajifuta miguu, mmoja baada ya mwingine, kisha akaniomba, kwa sauti ile ile ya kunitetea, nitafute chumba kwingine kabla mwezi haujaisha.