Kiuno cha Fundi wa Milango

Mume wangu ni seremala, na mafundi wana ugonjwa wao: kazi ikishaanza, lazima iishe. Kwa hiyo kiuno kilipomkamata akiinua fremu ya mlango, alikichukulia kama kazi nyingine tu ya karakana. Alijilaza akisubiri kiishe. Hakikuisha. Mwili ukamkakamaa, hata viatu nikawa namvalisha mimi.

Viatu si shida. Shida ilikuwa baba yake, chumba cha pili. Mzee miguu imempooza, na kila asubuhi mwanawe ndiye aliyembeba hadi bafuni, akamwogesha, akamkalisha barazani aone watu. Mimi ni mkwewe. Kuvua nguo mbele yangu nimwoshe, hilo hakutaka hata kulisikia. Tulimwomba jirani, akamfuta kwa kitambaa palepale kitandani. Mzee aliugeukia ukuta mpaka jirani alipoondoka.

"Asije tena," aliniambia. "Nitamngoja mwanangu. Naye asiingie humu mpaka aweze kunibeba."

Tangu hapo alijifuta mwenyewe, na kila nilipompelekea chakula nilimkuta shuka hadi kidevuni. Umri wake haukuwa wa kungoja, na hilo lilininyima raha. Nikamkokota mume wangu hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja asiyecheka ovyo, alimpima akasema hakuna kilichovunjika, ila kulala kunazidi kuudhoofisha mgongo. Akamfundisha kulala chali, magoti juu, ainue nyonga polepole na kuishusha. Kisha apige magoti, mikono chini, anyooshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Na atembee. Kidogo kidogo, kila siku.

"Mpaka lini?" mume wangu akauliza.

"Siku zote, baba."

Jibu hilo halikumwingia. Jumamosi akajifungia karakana akafanya mazoezi ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, ili Jumatatu ambebe baba yake. Jumapili hakuweza hata kugeuka kitandani.

"Nilitaka niyamalize," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Fundi, huu si mlango. Mlango ukishaupachika unakwenda zako. Mwili wako utakwenda nao wapi?"

Nilikuwa na hasira na sikuificha. Lakini nilimkanda kwa maji ya moto, nikilia na mimi.

Akaanza upya, safari hii kwa adabu. Alfajiri namsikia sakafuni akihema. Jioni anatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, majirani wakimtania kwamba anatafuta mke wa pili. Maumivu hayakuondoka yote, ila yalianza kumheshimu. Mtaalamu akamruhusu kujifunza kuinua: achuchumae, akumbatie mzigo kifuani, asimame kwa nguvu za miguu. Alijaza gunia maranda, baadaye akaongeza vipande vya mbao.

"Hilo si zito mno?" niliuliza.

"Baba alikuwa mwashi. Mabega yale unayajua."

Na kila asubuhi sauti ikapita ukutani: "Bado?"

"Bado kidogo, baba."

Kisha ikaja asubuhi ambayo mume wangu hakujibu. Aliingia mwenyewe chumbani. Mimi nilisimama mlangoni na taulo, maji tayari bafuni. Akachuchumaa kando ya kitanda, akapitisha mikono chini ya mzee, akamvuta kifuani, akavuta pumzi, akainuka.

Aliinuka kwa nguvu mno, akayumba nyuma hadi ukutani.

"Kiuno?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Alisimama wima, hana maumivu yoyote, anamtazama baba yake mikononi. Mifupa na shuka. Miezi yote ile alikuwa akijiandaa kwa mabega ya yule mwashi, na mwashi alikuwa akiisha upande wa pili wa ukuta.

"Baba," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Mzee aliweka shavu kwenye kifua cha mwanawe, akafumba macho.

"Twende, mwanangu. Maji yanapoa."