Kiini Alichokijenga Mama Nyaya

Kompyuta iliyoendesha mashine ya kutarizi ilikuwa kuukuu, na siku ilipogoma kuwaka, mafundi wawili walikuja wakasema neno moja: tupa. Mwenye mashine, mshonaji mwenye ulimi mkali, akamwita mke wa kaka yake, fundi wa kompyuta ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyaya.

"Wifi, wanasema imekufa."

"Wanasema hawaiwezi," alijibu Mama Nyaya, akivuta kiti. "Hayo ni mambo mawili."

Mfumo wa zamani ulikuwa umeharibika, na mipya yote ilikuwa mizito mno kwa kompyuta ile. Basi akaamua kujenga mwenyewe kiini cha mfumo, kile kinachoamka kwanza ndipo kiamshe vingine. Akaketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, akachagua vipande vya programu kimoja kimoja: hiki kinafaa, hiki mzigo tu. Siku tatu akawa anajenga na kuwasha. Kila mara maandishi yaliteremka kwenye skrini, kisha yakakwama palepale: diski haionekani.

Mara ya tisa mshonaji akachoka. "Mimi nikikosea mkono wa gauni mara tisa, mteja anakimbia."

"Kimbia basi, wifi, unipishe."

Alitania, lakini roho ilikuwa juu. Je, kama wale wawili walisema kweli? Akachukua kalamu, akaandika kwa mkono kila alichochagua, akasoma polepole kama barua ya mtu baki. Ndipo akaona. Kile kipande cha kusomea diski hakukiweka ndani ya kiini. Alikiacha kwenye diski yenyewe. Ni sawa na kufunga mlango na ufunguo ukabaki ndani.

Akacheka peke yake hadi wifi yake akasimamisha cherehani. Akakirudisha mahali pake, akajenga upya, akawasha. Maandishi yakateremka, yakafika pale pa kukwama, yakapita. Mashine ikanguruma, sindano ikashuka, na ua jekundu likaanza kujichora kwenye kitambaa cheupe.

Mteja mmoja alichungulia mlangoni. "Mmenunua mpya?"

"Mpya wapi? Ni ileile," mshonaji alisema, sauti ikifika hadi barabarani. "Wifi yangu kaifufua. Kiini kakijenga mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho."

Mama Nyaya alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Na inawaka ndani ya sekunde kumi na nne tu," akaongeza, ingawa hakuna aliyeuliza.